Re: Nile nini saa nne ofisini badala ya andazi na soda?

Dada, pole. Huo usingizi wa saa tisa alasiri unaousema naujua vizuri, nimekaa kaunta miaka sita.

Anza na soda. Chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na akibaki chini ya 25 ni bora zaidi. Hapo hujagusa andazi.

Mimi nilihamia kwenye yai la kuchemsha. Kuna kijana hupita na trei nje ya ofisi yetu hapa Posta: analimenya, analipasua katikati, anashindilia kachumbari. Mwambie tu apunguze chumvi. Yai linashikilia tumbo mpaka mchana, andazi halikufikishi huko.

Karanga nazo nzuri mno, ila usiweke pakiti nzima mezani, mkono hautaacha. Pima kiganja kimoja nyumbani, tia kwenye kikopo chenye mfuniko. Na tafadhali sana, ukitafuna moja ukasikia uchungu au ukaona zimeota ukungu, mwaga zote. Sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haiondoki kwa kukaanga, na inaharibu ini.

Matunda yale mazima, chungwa au ndizi, juisi achana nayo.

Ofisini kwenu kuna friji? Kama ipo, nitakuelekeza ninavyogandisha mtindi wangu nyumbani.