Nyumba ya shule au posho ya kodi Dubai?

Mwalimu, umeuliza ukifika Dubai uchukue nyumba ya shule au posho ya kodi ya nyumba. Mwaka wa kwanza chukua nyumba, tafadhali. Huku Malindi tumezoea kulipa mwezi kwa mwezi. Kule kodi huhesabiwa kwa mwaka na mara nyingi hulipwa kwa hundi chache. Ongeza amana, kwa kawaida asilimia 5 ya kodi ya mwaka, au 10 ikiwa nyumba ina fanicha, na ada ya dalali. Jiji nalo hutoza asilimia 5 ya kodi ya mwaka, kidogo kidogo kila mwezi ndani ya bili ya umeme na maji. Pesa za kuanzia utazitoa wapi kabla ya mshahara wa kwanza? Sharjah, mji jirani, kodi ni nafuu, lakini foleni za magari za asubuhi kuja Dubai zitakumaliza. Kabla hujatia sahihi, mkataba useme nani analipa umeme, maji na tiketi ya kurudi nyumbani.