Bandiko na bigijii za nikotini: nilivyoachana na fegi

Mkuu, umeuliza kama bandiko la nikotini si kuhama tu ulevi mmoja kwenda mwingine, maana umeshaacha kavukavu mara mbili ukarudi. Nimevuta miaka 16, pakiti kwa siku. Leo nina mwaka na miezi miwili sijagusa, kwa hiyo naongea ninachokijua.

Nikotini ndiyo inayokufunga, lakini kinachoua ni moshi: lami, kaboni monoksidi na sumu nyingine za tumbaku inayoungua. Bandiko linapitisha nikotini kidogokidogo kwenye ngozi. Haipandi kichwani ndani ya sekunde chache kama ukivuta, ndiyo maana haina ile stimu na kuipunguza ni rahisi. Shirika la Afya Duniani limeweka bandiko na bigijii za nikotini kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009.

Mara ya kwanza niliharibu mwenyewe. Nilinunua bigijii za nikotini famasi moja Kariakoo, muuzaji akanitajia bei basi. Nikazitafuna kama bigijii za watoto, huku nashushia kahawa ya kijiweni. Nikapata kwikwi, kiungulia, kichefuchefu, na arosto iko palepale. Siku ya nne nikarudi kwenye fegi, nikawa namwambia kila mtu dawa hizo ni uongo.

Baadaye nilienda hospitali kwa kikohozi, daktari akanipeleka kwa nesi wa ushauri nasaha. Swali lake la kwanza: "Kaka, ukiamka unakaa muda gani kabla ya kuvuta ya kwanza?" Nikamwambia hata mswaki bado. Akasema anayevuta ndani ya nusu saa tangu aamke huanzia bigijii ya miligramu 4. Mimi nilikuwa natumia ya 2. Na haitafunwi mfululizo. Unatafuna taratibu mpaka usikie ukali, unaibana kati ya shavu na ufizi, ukali ukipungua unatafuna tena, kama nusu saa hivi. Kahawa, soda na juisi unaziacha robo saa kabla, na usinywe ukiwa nayo mdomoni, kwa sababu uchachu wake unazuia nikotini isifyonzwe.

Nikawekewa na bandiko: miligramu 21 wiki 6, halafu 14 wiki 2, halafu 7 wiki 2. Bandiko linakushikilia kutwa, bigijii inazima hamu ya ghafla. Joto la Dar nalo lina vita vyake. Nikibanana kwenye daladala ya Mbagala mchana, jasho linalibandua lote. Dawa yake ni kuoga, kukausha ngozi kabisa, kubandika juu ya mkono na kukandamiza kwa kiganja, na kesho yake unahamia sehemu nyingine maana ngozi inawasha. Ndoto za usiku zilinitesa mpaka nesi akaniambia nilitoe kabla ya kulala.

Wiki ya tano kulikuwa na msiba Tandika. Tumekaa chini ya turubai usiku, jamaa akaninyooshea, nikavuta moja. Aibu niliyoisikia nusura initoe kliniki. Nikajikaza nikaenda, nikamwambia nesi kila kitu. Hakunifokea. Aliuliza nilikaa na nani, ilikuwa saa ngapi, bigijii zilikuwa wapi. Zilikuwa nyumbani. Tukakubaliana msibani nikae upande wa wazee, na bigijii niianze kabla hamu haijapanda. Bandiko likaendelea kama kawaida. Peke yangu, ile sigara moja ingekuwa pakiti kufikia Jumatatu, kama mara zote za nyuma.

Kama una tatizo la moyo, mwambie daktari kabla hujabandika chochote. Na vyote hivyo, hata bandiko lililotumika, viweke mbali na watoto, ni sumu kwao.

Wiki hii kabla hujaenda kliniki, jihesabie unavuta ngapi kwa siku, na ya kwanza unaivuta dakika ngapi baada ya kuamka. Watakuuliza hayo kwanza.