Je, chikanda inalimika kama viazi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Makete, nina ekari moja ya viazi mviringo, na pembeni yake kuna kibonde cha majimaji ambako chikanda, yale maua ya porini yenye viazi vya kula, inaota yenyewe. Kila msimu wanapita wanunuzi wanaopeleka Zambia. Nikivihamishia shambani vile viazi vyake, nikaweka matuta na mbolea, si vitazaliana?

JIBU: Marahaba kijana wangu, umefanya vizuri kuuliza kabla hujashika jembe.

Havitazaliana. Kiazi mviringo ukipanda kimoja unavuna vingi, lkn chikanda ni okidi, na kwa kawaida kila mwaka mmea unatengeneza kiazi kimoja tu kipya pembeni ya kile cha zamani. Kama ulishaona shina limeng'olewa utakumbuka viazi vinakuwa viwili, kimoja laini kimenywea, hicho ndo kimelisha majani na maua ya mwaka huu, kingine kigumu kimejaa, hicho ndo mmea wa mwakani. Sasa mnunuzi anataka kipi? Kile kigumu! Ndo maana bonde likichimbwa misimu kadhaa mfululizo linabaki nyasi tupu, na kwa kweli inaniuma sana kila nikipita sehemu kama hizo.

Utaniambia basi nitapanda mbegu. Mbegu zake ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula ndani, kwa hiyo haziot​i mpaka zikutane na fangasi fulani wa udongoni anayezilisha, na shamba lako ulishalipiga mbolea na dawa za ukungu za viazi, huyo fangasi ataishije hapo? Maabara wanaziotesha kwenye chupa kwa chakula maalumu, ila sio kazi ya jembe.

Halafu kuna sheria. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kuchimba mle ni kosa, na okidi zote zinasimamiwa na mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hata ya shambani kwako huwezi kuivusha mpaka wa Tunduma kwenda Zambia bila kibali.

Hela itafute kwenye viazi. Kibonde usikilime wala usikichome moto, ng'ombe nao wasiingie maua yakiwa yamesimama, subiri matunda yakauke yapasuke upepo ubebe mbegu. Ukitaka ya kupika nyumbani chimba baada ya hapo, mashina machache tu, na mwakani usirudie palepale.