Kabla ya kumeza kidonge cha presha, uliza kuhusu balungi

Mama yangu ana presha na tatizo la moyo, na dawa zake nampangia mimi, hapa kwetu Ngamiani, Tanga. Kipo kidonge kimoja, nitrogliserini, ambacho hakimezwi: kifua kikimbana anakaa chini kwanza, maana kinaweza kushusha presha ghafla, kisha anakiweka chini ya ulimi kiyeyuke. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, nikikimeza si kitafika kulekule?"

Hapana. Damu inayobeba dawa kutoka utumboni hupelekwa kwanza kwenye ini, na ini lina vimeng'enya vinavyoivunja dawa. Kinachosalia ndicho kinachoingia kwenye damu ya mwili mzima. Nitrogliserini ikimezwa, sehemu kubwa huishia hapo. Mishipa ya chini ya ulimi haipitii ini, inaelekea moyoni. Ndiyo maana pia propranololi, dawa nyingine ya presha na moyo, ya kumeza huweza kuwa miligramu 40 wakati ile ya sindano ya mshipani ni miligramu 1.

Sasa tuje kwenye matunda, maana Tanga hii machungwa ya Muheza hayatuishii. Machungwa matamu hayana neno. Ninayoyahofia ni balungi, na danzi pia. Kimeng'enya ambacho wataalamu hukiita CYP3A4 kipo kwenye ini na kwenye kuta za utumbo vilevile, na balungi hukizima kile cha utumboni. Dawa iliyokusudiwa kupunguzwa njiani inaingia kwa wingi. Kwa anayetumia dawa za presha kama nifedipini au felodipini, presha inaweza kushuka mno hadi kizunguzungu. Simvastatini, ya kushusha kolesteroli, nayo ikizidi inaweza kuharibu misuli.

Jirani yetu mmoja huniambia, "Mimi juisi nakunywa asubuhi, dawa usiku." Shangazi, haisaidii! Glasi moja inatosha kukizima, na utumbo huchukua siku moja hadi tatu kutengeneza vimeng'enya vipya.

Mimi mama namkamulia machungwa au namsagia embe. Kila anapobadilishiwa dawa nabeba maboksi yote, pamoja na dawa za mitishamba, namwonyesha mfamasia na kuuliza moja moja. Usiache dawa wala kubadili dozi kwa sababu ya haya niliyoandika. Na kama umewahi kuugua ini, mwambie daktari kabla hajaandika chochote, kwa sababu ini lililochoka huiachia dawa nyingi ipite, na huenda dozi yako ikahitaji kupunguzwa.