Maumivu ya mishipa ya fahamu: dawa ina kazi yake, vitamini ina yake

Anayesumbuliwa na mishipa ya fahamu anaujua usiku. Ukilala tu, nyayo zinawaka moto, vidole vinachomachoma, na hata shuka likigusa mguu unaumia. Nina kisukari, na hali hiyo nimeiishi. Paracetamol haikunituliza, maana maumivu haya hutoka kwenye neva zenyewe.

Daktari alinianzishia amitriptyline, dozi ndogo ya usiku. Wengine hupewa gabapentin, pregabalin au duloxetine. Dawa hizi hutuliza maumivu lakini haziponyi neva, na hazifanyi kazi siku hiyohiyo; dozi hupandishwa polepole. Mimi mdomo ulikuwa unakauka na asubuhi naamka mzito, nikashauriwa niwe nameza mapema kidogo jioni. Ukipata nafuu usiikatishe ghafla, mwombe daktari akupunguzie taratibu. Na kama unatumia gabapentin pamoja na dawa ya kiungulia yenye alumini au magnesiamu, ziachanishe angalau saa 2, la sivyo gabapentin haifyonzwi vizuri.

Vitamini ni habari nyingine: inasaidia pale ilipopungua. Nilikuwa nimetumia metformin, dawa ya kisukari, miaka mingi, na dawa hiyo hushusha vitamini B12, ambayo neva haziwezi kukaa bila hiyo. Nilipimwa damu, ikaonekana iko chini, nikachomwa sindano za B12 huku amitriptyline ikiendelea. Usingizi ulirudi kwanza, kwa sababu ya dawa. Ganzi ilichukua miezi kupungua, na haijaisha yote. Kwa hiyo ukiwa unatumia metformin au omeprazole (dawa ya kupunguza asidi tumboni) kwa muda mrefu, au huli kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, omba kupimwa B12. Pima kabla hujaanza kumeza vidonge vya B12, kwa sababu ukishaanza majibu yanaweza kukupotosha. Asidi ya foliki peke yake pia isikutulize: inaweza kurekebisha upungufu wa damu huku upungufu wa B12 ukiendelea kuharibu neva.

Linalonitia hofu zaidi ni vitamini B6. Mtu mzima anahitaji chini ya miligramu 2 kwa siku, lakini baadhi ya vidonge vinavyouzwa kama vitamini za neva vina miligramu 100 au 200. Ikizidi kwa muda mrefu, B6 yenyewe huharibu neva na kuleta ganzi ileile unayoikimbia. Halafu mtu anaona ganzi imezidi, anaongeza vidonge! Soma lebo za kila unachomeza, ujumlishe. Anayetumia isoniazid kwa kifua kikuu hupewa B6 kwa sababu maalumu, huyo asiiache.

Ukienda kliniki beba pakiti zote, hata za vitamini ulizojinunulia. Na kama miguu inaishiwa nguvu kwa kasi, au mkojo umeanza kukutoka bila kujizuia, nenda hospitali siku hiyohiyo.