Kabla Hujaomba Kutangazwa Mufilisi

Kwa miaka mingi nimetunza hesabu za wafanyabiashara wa Kariakoo, na nimeona kwamba mtu aliyezidiwa na madeni huja na moja ya dhana mbili: ama anaamini kuwa akitangazwa mufilisi madeni yote yatafutika, ama anaogopa kwamba atanyang'anywa kila kitu mpaka godoro analolalia. Zote mbili si sahihi, na ile ya kwanza ndiyo inayoumiza watu zaidi.

Tanzania Bara ina Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25. Maombi hupelekwa Mahakama Kuu, ama na mdai ama na mdaiwa mwenyewe, na mahakama ikitoa amri ya kupokea mali, usimamizi wa mali hizo huhamia kwa ofisa wa serikali aliye chini ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao wengi wetu hapa Dar es Salaam tunaujua kwa foleni za vyeti vya kuzaliwa tu. Mdaiwa hutakiwa kuwasilisha maelezo ya maandishi kuhusu mali na madeni yake, kisha huhojiwa mahakamani hadharani namna alivyofikia hali hiyo. Vifaa vyake vya kazi, pamoja na nguo na matandiko ya familia yake, huachwa kwa kiwango cha thamani kinachowekwa na sheria.

Jambo linalosahaulika ni mdhamini. Mteja wangu mmoja, mama anayeuza vitenge, alinifungulia daftari la madeni yake, na pembeni ya mkopo mkubwa kuliko yote aliandika kwa kalamu nyekundu jina la mdogo wake, ambaye alikuwa amemdhamini kwa hati ya kiwanja chake cha Chanika. Akaniuliza, "Nikishatangazwa, mdogo wangu si atakuwa amepona?" Nikamjibu, "Hapana, mama, hapo ndipo watakapomgeukia yeye." Hata mufilisi anapoachiliwa na mahakama, yaani anapofunguliwa kutoka kwenye madeni yake, mdhamini wake haachiliwi pamoja naye, na benki inayoshikilia hati bado ina haki juu ya kiwanja hicho. Kama nyumba iliyowekwa rehani ni ya wanandoa, hakikisha kwanza kwamba mwenzi aliridhia, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inadai ridhaa hiyo, na nimeona wanasheria wakianzia hapo.

Wapo wanaoshauriwa vijiweni wahamishie gari kwa shemeji au wamlipe kwanza mdai aliye rafiki. Ushauri huo ni mbaya sana. Mahakama inaweza kuutengua uhamisho na malipo ya upendeleo, na jambo hilo hilo likatumika baadaye kumnyima mdaiwa nafuu anapoomba kuachiliwa.

Baada ya kutangazwa, maisha hubanwa. Aliyefilisika hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama, na akikopa zaidi ya kiwango kilichowekwa bila kumweleza mkopeshaji hali yake, anatenda kosa la jinai. Madeni yaliyotokana na udanganyifu hayafutwi hata akiachiliwa. Kwa upande mwingine, mdaiwa ambaye hajafuata njia hiyo, mdai wake akishinda kesi, anaweza kukaziwa hukumu, yaani kulazimishwa kuitimiza, kwa kupelekwa jela kama mfungwa wa madai kwa muda usiozidi miezi 6, huku mdai akigharimia chakula chake, na akitoka bado anadaiwa.

Kwa sababu hizo, mimi humtaka mteja atenganishe kwanza madeni yenye dhamana, yenye mdhamini na yasiyo na vyote viwili. Mikopo ya kausha damu, yaani ile ya mitaani yenye riba kubwa, naiandikia karatasi yake peke yake: tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anapaswa kuwa na leseni, kwa hiyo iulizie leseni yake kabla hujakubali hesabu ya riba yake. Kisha nenda benki pamoja na mdhamini, mkiwa na daftari la mauzo, mkaombe muda wa marejesho uongezwe, na makubaliano yoyote yawe ya maandishi. Mama wa vitenge na mdogo wake walifanya hivyo. Rejesho la mwezi lilipungua, muda ukarefushwa, na hawakufika Mahakama Kuu. Mkimaliza kulipa, ombeni barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha, na mhakikishe kwamba taasisi za taarifa za mikopo nazo zimerekebisha kumbukumbu zao.