Kupimwa presha mara moja dukani ukakutwa 152/96: uanze dawa?

Mkuu, unasema duka la dawa wamekukuta na 152/96, huumwi popote, na mama mkwe ameshaleta vitunguu saumu. Mimi ni mtu wa vidonge vya presha tangu kitinda mimba wangu yuko chekechea, sasa yuko sekondari.

Kipimo kimoja cha namna hiyo hakitoshi kukuita mgonjwa. Umetoka juani, umekalia stuli isiyo na egemeo, mkono unaning'inia, muuzaji anakupigisha stori huku mashine inajaa upepo. Hapo hata mzima namba zinapanda. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo. Uwe umeshakojoa, na kahawa au sigara iwe imepita nusu saa. Pima, subiri dakika moja, rudia. Halafu angalia ule mkanda: mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, mashine inasoma juu kuliko ukweli. Mimi nina mikono ya kuli. Zahanati ya mtaani ilikuwa ikinitisha kila nikienda, mpaka nesi mmoja akatafuta mkanda mkubwa. Presha ilikuwepo, ila si ile ya kutishana.

Kliniki wanaanza kuiita presha ya juu ikifika 140/90, tena ionekane siku tofauti. Kwa mashine ya nyumbani mstari ni 135/85, maana wengine hupanda wakimwona daktari tu. Azima mashine ya mkono wa juu, pima asubuhi na jioni wiki nzima, andika kwenye daftari, umpelekee daktari. Akithibitisha, akupime figo, potasiamu, sukari, protini kwenye mkojo na umeme wa moyo.

Usisubiri kichwa kiume. Wengi wetu hatusikii chochote mpaka figo au ubongo uguswe.

Dawa zina maudhi yake. Amlodipini ilinivimbisha vifundo vya miguu. Nilirudi kwa daktari, akapunguza dozi na kuniongezea losatani. (Losatani haifai kwa mjamzito.) Wanaoacha kimyakimya kwa sababu "imeshashuka" hunishangaza, kwani imeshushwa na nini?

Chumvi, ukomo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa siku, yote ikijumlishwa. Kwangu sufuria haikuwa na kosa. Ilikuwa ng'onda, vidonge vya mchuzi na ile chumvi ya kunyunyizia chipsi. Na kama unameza diklofenaki kwa ajili ya mgongo, mwambie daktari, nazo hupandisha. Vitunguu vya mama mkwe weka kwenye pilau, asinune.

Ila ukiona 180/120 pamoja na kifua kubana, pumzi kukata, macho kufifia, mdomo kupinda au upande mmoja kulegea, achana na daftari, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.